Levi Hana Kwake

"Serikali tatu zinaniangalia," Levi alimwambia kaka yake, "na zitaendelea kuniangalia hivyo hivyo mpaka nizeeke. Hakuna hata moja itanishika."

Aliyasema hayo kisiwani Remba, amekalia kreti la soda lililopinduliwa, kikombe cha chai mkononi, mbele ya vibanda vya mabati ambako ukinyoosha mkono dirishani unaweza kumsalimia jirani kitandani kwake. Kaka yake Austine alikuwa akigeuza mabondo juani na hakuinua kichwa. Alishazoea. Mdogo wake alijisifu kama watu wengine wanavyopiga chafya: unamwacha amalize, unamwambia pole, unaendelea na kazi yako.

Bondo, kwa asiyelijua, ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa mbuta, yaani sangara. Zamani wavuvi walikitupa pamoja na matumbo, na ndege wakashukuru. Siku hizi bondo likikaushwa vizuri linafika Uchina kabla nyama ya samaki mwenyewe haijafika Kisumu, na yeyote aliyesimama katikati ya safari hiyo halali njaa. Levi alisimama katikati. Alinunua Remba, alinunua Musoma upande wa Tanzania, alinunua kisiwani Lolwe upande wa Uganda, na mzigo wote akaupeleka Migori kwa mnunuzi mmoja aitwaye Momanyi. Kila upande wa ziwa alikuwa na chumba cha kupanga, godoro na sufuria. Miswaki alikuwa nayo mitatu, na kila mmoja ulijua nchi yake.

Sasa, kule Musoma, siku moja ya mvua, alisoma kwenye simu kwamba mtu huhesabiwa mkazi wa nchi akikaa humo nusu ya mwaka, na mkazi ndiye anayetozwa kodi ya mapato yake yote. Alipofika hapo akaacha kusoma. Hata kidato cha nne alikipita kwa njia hiyo: anasoma mwanzo wa swali, mwisho anaubuni mwenyewe.

"Kenya hainipati nusu mwaka," alimweleza Austine. "Tanzania hainipati. Uganda ndiyo kabisa. Haya niambie, mimi ni mkazi wa wapi?"

"Wa mdomo wako."

"Wewe cheka. Mimi ni kama mume wa wake watatu. Kila mke akiuliza, nimeshakula kwa mwenzake."

Austine aligeuza bondo moja, akalinusa, akaliweka chini. "Nilimjua mmoja wa hivyo kule Ndhiwa," alisema. "Alikonda mpaka akafa. Kila mke alikuwa na hakika ameshiba."

Levi alicheka sana, kwa sababu mzaha mzuri aliupenda hata ukimpiga yeye. Lakini hakuusikia. Watu wenye ulimi mwepesi wana ugonjwa huo; masikio yao hufanya kazi zamu nyingine.

Haukupita muda watu wa kodi wakamtembelea Momanyi mjini Migori, wakataka kujua mabondo yote anayouza huwa anayatoa wapi. Momanyi alifanya ambacho hata wewe ungefanya. Alitaja waliomuuzia. Hakumchongea Levi, alijiokoa tu, na hesabu ya Levi ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote katika maelezo yake. Wiki iliyofuata simu ya Levi ikalia akiwa Lolwe. Sauti ya mwanamke ikamwomba, kwa adabu, apite ofisini Migori akipata nafasi.

Alipata nafasi. Alikwenda amevaa shati la kanisani, amejiandaa kama mwanafunzi aliyeiba mtihani.

Aliyempokea aliitwa Nyanchoka. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mkisii, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayesali kando ya kitanda cha mgonjwa. Alimkaribisha kiti, akamuuliza habari za ziwa, kisha akamwacha aseme. Levi akasema. Alimweleza habari ya nusu mwaka, nchi tatu, vyumba vya kupanga. Ule mzaha wa wake watatu aliuacha kwa heshima ya ofisi, ingawa ulimwasha ulimini. Nyanchoka alisikiliza mpaka mwisho. Mara mbili aliitikia kwa kichwa, na Levi akahesabu hizo kuwa alama.

"Umesoma vizuri," Nyanchoka alisema. "Tatizo ni moja. Hayo ya kuhesabu muda ni ya mtu asiye na nyumba hapa."

"Nyumba vipi, madam?"

"Kuna mstari juu ya huo wako. Ukiwa na makazi ya kudumu Kenya, na mwaka huo ukaikanyaga Kenya, hata ukija kwa harusi ya mtu ukaondoka, wewe ni mkazi wetu. Hatuhesabu tena. Na mkazi akiwa na biashara moja ambayo sehemu iko hapa na sehemu iko nje, tunaitazama yote kama ya hapa. Ile ya Musoma na ile ya Lolwe, zote."

Hakumtisha. Alimweleza tu, kama mtu anavyokuonyesha njia ya kwenda hospitali. Lakini Levi, ambaye hesabu za kichwani hakuna aliyemshinda, aliiona miaka yote aliyovuka maji ikirudi kwa mkupuo na kukaa mapajani mwake. Mashua yake ingekwenda kulipa kodi. Injini ingekwenda. Angerudi alikoanzia, kubeba magunia ya omena, dagaa wa watu wengine, pale gatini. Akaona pia mlango mmoja mdogo ulio wazi, na kabla akili haijamwuliza unaingia wapi, ulimi ulikuwa umeshaingia.

"Basi bahati yangu, madam," alisema. "Mimi sina nyumba."

"Kitambulisho kinasema Ndhiwa."

"Ndhiwa ni kwetu. Lakini lile boma ni la kaka yangu. Mimi nikipita nalala pale kama mgeni yeyote."

Nyanchoka alimtazama kidogo. "Mke unaye?"

"Alifariki."

"Pole sana," alisema, na ilionekana ni pole ya kweli. Kisha akasema siku moja atapita Ndhiwa aone, kwa sababu kazi yao ni kuona. Levi akamwambia karibu sana, tena karibu wakati wowote.

Alitoka pale anapiga mluzi. Alipofika kwenye daraja la mto mluzi ukakatika wenyewe. Akasimama akashika chuma cha daraja, watu wanapita nyuma yake na mikokoteni, naye anayatazama maji mekundu. Hapo ndipo masikio yake yalipoingia zamu. *Mimi sina nyumba.* Alikuwa ameyasema hayo yeye, mume wa Roseline.

Ili uujue uzito wa neno hilo lazima ujue lile boma lilivyopatikana. Kwa Wajaluo nyumba peke yake si kitu. Mtu anaweza kujenga nyumba ya mawe mjini yenye vigae na bado akaulizwa kwako ni wapi. Kwako ni *dala*, boma lako mwenyewe lenye lango lako, ulilotoka kwa baba yako kwenda kulianzisha. Hulianzishi kwa fundi na saruji. Unatoka alfajiri na wazee wakikuongoza, wewe na jogoo mkononi, mwanao wa kiume na shoka, na mkeo nyuma yako amebeba moto. Kabla jua halijazama kuwe na paa la kulala chini yake. Jogoo akiwika pale asubuhi, umekuwa mtu.

Levi hakuwa na haraka ya hayo. Alikuwa na miswaki mitatu. Ni Roseline aliyemharakisha, naye alimharakisha kwa sababu alikuwa mgonjwa na alijua. Mwanamke anayekufa mume hajaanzisha boma anazikwa kwa baba mkwe, nyuma ya nyumba za wengine, kama mtu aliyefia safarini. Roseline alimwambia mumewe jambo moja tu, nalo hakulirudia: hataki kulazwa kwa watu. Basi Levi akaacha ziwa, akaanzisha boma. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo shoka lilibebwa na mtoto wa Austine. Roseline alibeba moto mwenyewe kwenye kigae cha chungu. Alitembea akipumzika, akitembea akipumzika, na wazee walimsubiri kila aliposimama, na hakuna aliyemwambia ampe mwingine abebe.

Mvua za masika zilipokuja alikuwa ameshalazwa upande wa kushoto wa nyumba yake, mahali pa mke mwenye boma. Kaburi likasakafiwa. Jina Levi alisema ataliandika kwenye jiwe zuri, la Homa Bay mjini, akipata nafasi. Akarudi ziwani. Wengine walisema ana roho ngumu. Ukweli ni kwamba kila alipolala katika nyumba ile alisikia mtu akitembea akipumzika.

Binti yao Cate alichukuliwa na bibi yake, Phelesia, mama wa Roseline, kule kisiwani Mfangano. Haikuwa ugomvi. Phelesia alisema tu, siku ya kuagana, kwamba mtoto halelewi na upepo. Siku Levi atakapokuwa na mahali anaposimama, atamleta yeye mwenyewe. Tangu hapo Cate alikuwa amebadilisha meno ya mbele, na Levi alikuwa ameyaona mapya siku za sikukuu tu.

Na kijana huyu, ambaye alikuwa na utani wa kila mtu kuanzia chifu hadi mchungaji, alikuwa na mtu mmoja duniani asiyeweza kumtania. Phelesia alikuwa *maro* kwake, mama mkwe, na maro hali nawe chumba kimoja, halali nawe chini ya paa moja, wala humtazami usoni. Mkiongea, mmoja yuko ndani na mwingine yuko nje, na maneno yanapita mlangoni bila nyinyi.

Hivyo ndivyo walivyoongea Levi alipomfuata Mfangano, siku chache tu baada ya Migori. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, uso wake ukielekea ziwani. Alisema amechoka kuvuka. Alisema kuanzia sasa Austine ndiye atakayekwenda Musoma na Lolwe, yeye atakaa nyumbani na kuuza kutoka nyumbani, na mke wa Austine, Lynnet, ambaye boma lao limepakana na lake, atamsaidia mtoto mpaka azoee. Hakuna hata neno moja la uongo katika hayo. Alikuwa amekusudia hivyo kabisa.

Kutoka ndani sauti ya Phelesia ikauliza, "Baba Cate, una boma, au una nyumba ya kulala ukipita?"

"Maro, nina boma. Roseline mwenyewe yuko pale."

Aliapa hivyo, kwa mdomo ule ule. Phelesia akasema amesikia, atamleta mtoto shule zikifungwa.

Levi hakulala vizuri tena. Kwa maro alikuwa na boma, kwa madam hakuwa nalo, na boma lenyewe lilikuwa moja, limekaa pale pale Ndhiwa bila kujua linagombaniwa. Alimwendea Austine. Alimweleza yote, na kwa mara ya kwanza hakutia mzaha. Alichotaka ni kidogo: Nyanchoka akija, Austine akubali boma ni lake. Akishaondoka, kila kitu kinarudi mahali pake.

Austine alikwangua magamba makavu kwenye kucha zake.

"Si uende tu umwambie ukweli," alisema. "Watu hulipa kidogo kidogo. Momanyi analipa kidogo kidogo."

"Mashua itauzwa."

"Iuzwe. Tulibeba magunia na hatukufa."

"Austine, ni maneno tu. Ya siku moja."

"Nyumba nitakubali ni yangu," Austine alisema mwishowe, "kwa sababu wewe ni mtoto wa mama yangu. Lakini usinipe kaburi. Kaburi haliazimwi."

Levi akamwambia hakuna atakayeuliza kaburi. Watu wa kodi huuliza milango na mapaa.

Phelesia alikuja Jumatano ya wiki ya kwanza ya likizo. Levi alikuwa amefyeka majani, amepaka lango rangi, amenunua kitanda kidogo na chandarua. Alisimama mbali, kando ya zizi, kama inavyompasa mkwe, akamwona maro akipita langoni taratibu, kitambaa cha kichwa cheupe, na nyuma yake msichana mrefu mwenye mkoba mgongoni ambaye ilimchukua pumzi moja kumtambua. Cate alimsalimia kwa mkono, kama mtu mkubwa. Kisha akauliza kama kitanda ni chake peke yake. Levi akasema ni chake peke yake. Cate akaingia kukitazama, akatoka, akaingia tena.

Phelesia aliketishwa sebuleni, kwenye kiti kilicho karibu na dirisha la kushoto, pazia limeshushwa, kwa sababu mkwe wake alikuwa uani na haikufaa waonane. Aliomba kiti kile mwenyewe. Kutoka pale, ukisogeza pazia kidogo, unaliona kaburi. Lynnet alikuwa jikoni anasonga ugali. Austine alikuwa ameketi langoni anashona wavu. Cate alienda akachuchumaa kwenye ukingo wa saruji, akaanza kung'oa majani yaliyoota kwenye ufa, moja moja, akiyapanga kando. Levi alimtazama akasema moyoni kwamba kama Mungu ana huruma basi siku inaweza kuishia hapa.

Simu ikalia.

Nyanchoka alikuwa Ndhiwa sokoni. Alikuwa amekuja kuonana na wafanyabiashara wengine, amemaliza mapema, na ameambiwa kwa Levi si mbali. Aliuliza kama anaweza kupita. Levi akafungua kinywa aseme yuko Musoma, na wakati huo huo ng'ombe wa Austine akalia, na Nyanchoka akasema, "Ah, kumbe uko nyumbani. Nakuja."

Alifika kabla Levi hajaamua la kufanya. Gari lilibaki njiani. Yeye aliingia kwa miguu, akamsalimia Austine pale langoni, akamsalimia Lynnet kwa mbali kupitia moshi wa jikoni bila kumwuliza ni nani. Levi alimlaki haraka katikati ya ua. Wazo lake lilikuwa moja tu, amzuie asiingie ndani, maana ndani kulikuwa na maro. Kwa hiyo alimzungusha nje. Huku ni zizi, huku ni tangi la maji, na kaka anapanga kuongeza chumba. Kila alipotaja kaka, Austine aliinamia wavu wake zaidi. Mtu anapoizunguka nyumba akiwa na hofu ya mlango, hafikirii upande atakaotokea. Levi alitokea upande wa kushoto.

Nyanchoka akasimama. Sio kwa hila. Alisimama kama mtu yeyote wa Kisii au Mjaluo anavyosimama, akaikunja mikono mbele.

"Na sisi Wakisii huzika nyumbani," alisema polepole. Akamtazama Cate aliyechuchumaa pale, akatabasamu naye. Kisha akamgeukia Levi. "Huyu ni nani?"

Lilikuwa swali la upole. Hata leo ukimuuliza Levi atakwambia halikuwa mtego. Lakini yeye aliona njia mbili zikitoka pale alipokanyaga. Akisema ni mke wangu, boma ni lake, maana hakuna mwanamume ziwani kote anayemzika mkewe upande wa kushoto wa nyumba ya kaka yake. Mashua imekwenda. Akisema vingine, basi ni maneno tu, ya siku moja. Saruji haikuwa na jina. Ulimi wake, ambao haukuwahi kumwangusha, ukamsaidia.

"Mke wa kaka yangu," alisema.

Jikoni mwiko ukasimama. Lynnet, aliyekuwa hai, mwenye unga hadi viwikoni, alitoka mlangoni akaangaza huku na huku kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka shimoni. Nyanchoka hakumwona, alikuwa ameshamgeukia Austine, kwa huruma ya kweli, akamwambia pole sana, bwana. Austine alisimama na wavu mkononi. Alimtazama mkewe. Alimtazama mdogo wake. Kitu fulani usoni mwake kilifungwa, kama duka.

Cate alikuwa ameacha kung'oa majani. Alimtazama baba yake, ngumi imejaa magugu.

Halafu pazia likasogea.

Mlango ulifunguliwa na Phelesia akatoka. Hakutoka kwa haraka. Alishuka ngazi mbili, akalizunguka kaburi kwa nyuma asilikanyage, akaja akasimama mbele ya mkwe wake uso kwa uso, kitu ambacho hakuna aliyekuwepo pale aliyewahi kukiona. Levi akainamisha macho. Lakini maro hakuja kuongea naye. Aliongea na Nyanchoka, kwa Kiswahili chake cha sokoni, akichagua kila neno.

"Madam, mimi naitwa Phelesia. Nimetoka Mfangano. Mimi sijui mambo yenu ya ofisi, na huyu kijana sijui amekukosea nini. Lakini umeuliza nani amelala hapa, na hujajibiwa."

"Nakusikiliza, mama."

"Mke wa kaka yake ni yule pale, anapika. Mungu amweke. Huyu ni Roseline, mtoto wangu wa kwanza. Alitoka kwangu na miguu yake, akaja akaolewa na huyu. Alipougua akakataa kuzikwa kwa watu. Akabeba moto mpaka hapa. Waliouona moto huo ni wengi, ukitaka wataitwa. Hii nyumba ni yake, na ya huyu. Andika hivyo. Shahidi ni mimi."

Nyanchoka hakuandika. Alikuwa ameutazama uso wa mama huyu kwa muda, kisha akautazama ukingo wa saruji. Ilionekana kana kwamba angependa kuwa mahali pengine popote, lakini kazi ilikuwa kazi. Akasema, kwa sauti ile ile ya chini, "Levi. Nakuuliza tena, mara moja tu. Kaburi hili ni la nani?"

Phelesia hakungoja jibu. Alimwambia Cate alete mkoba wake.

Cate alisimama. Alifungua ngumi, magugu yakaanguka, akapangusa kiganja kwenye gauni. Akaingia ndani. Wote walisikia kitanda kipya kikilia kidogo, kama mtu amekikalia kwa muda mfupi sana akainuka. Kisha akatoka, mkoba uko mgongoni, akaenda kusimama kando ya bibi yake.

Ndipo Levi alipoinua macho. Alimtazama maro usoni kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na akaona ni uso wa Roseline uliopewa muda wa kuzeeka. Sauti yake ilitoka bila kona zake zote.

"Ni mke wangu," alisema. "Ni Roseline. Na boma ni langu, madam. Hapa ni kwangu. Maro, hapa ni kwangu."

Phelesia alimshika mjukuu wake mkono.

"Nimesikia, baba Cate," alisema. "Lakini umesema baada yangu."